Cheche kwenye betri hazithibitishi kwamba umeme unavuja

Gari jingine limeletwa kwangu hapa Tabora likiwa na betri mpya isiyokuwa na haja ya kununuliwa na nyaya zilizokatwa ovyo chini ya dashibodi, kwa sababu tu fundi aliyetangulia alichomoa waya wa hasi, akaugusisha tena kwenye betri, akaona cheche, kisha akamwambia mwenye gari kwamba kuna shoti. Nimechoka kukutana na kipimo hicho. Shoti ya kweli huunguza fyuzi au waya. Betri inayolala nzima na kuamka imeisha chaji ni suala la umeme mdogo unaovuja kwa saa nyingi, na umeme huo haupimwi kwa macho.

Katika gari lenye kompyuta ya injini, redio na alamu, kuna kapasita (vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme) ambazo huishiwa umeme mara tu waya wa betri unapochomolewa. Waya ukirudishwa, kapasita hizo hujaa kwa ghafla, na hapo ndipo cheche hutokea. Ongeza taa ya ndani inayowaka kwa sababu mlango wa dereva umeachwa wazi, na utaona kwamba Mark II au Corolla isiyo na hitilafu yoyote itatoa cheche mbele ya macho yako. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kipimo hiki hupotosha pande zote mbili, kwani gari linalovuja kidogo, lakini kwa kiasi cha kutosha kumaliza betri kwa siku chache, hutoa cheche zisizo na tofauti na za gari zima. Mafundi wazee waliotufundisha hawakuwa wajinga: kwenye pikapu za dizeli zisizo na kompyuta, milango ikiwa imefungwa na kila kitu kimezimwa, cheche zilikuwa na maana. Magari yamebadilika, na kipimo hakina budi kubadilika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya saizi ya NS60 huwa na takribani ampea-saa 45, yaani ampea moja kwa saa 45. Taa ya buti ya wati 5, ambayo hakuna anayeiona ikiwaka buti likiwa limefungwa, hula kama ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku, na siku ya tatu stata haizunguki. Wengi wetu tumefundishwa kwamba miliampea 50 (ampea 0.05) ndiyo mpaka wa uvujaji unaokubalika, lakini mimi siuamini mpaka huo kama sheria. Gari linalotembea kila siku linaweza kuvuja miliampea 80 na mwenyewe asijue kamwe, ilhali gari linaloegeshwa wiki tatu wakati mwenyewe yuko shambani Kaliua litapoteza ampea-saa 25 kwa hizo hizo 50, na joto la Oktoba huongeza umeme ambao betri hujipotezea yenyewe. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni gari hulala siku ngapi bila kuwashwa.

Kabla ya kupima, fungua boneti na mlango, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, na uweke funguo mbali. Multimita iwe kwenye tundu la ampea 10, katikati ya nguzo ya hasi na waya wake, na waya mwingine wa kuziunganisha ubaki mahali pake hadi mita ikae sawasawa, ili umeme usikatike hata kidogo. Usijaribu kuwasha gari katika hali hiyo, kwa maana stata itaunguza fyuzi ya mita. Kisha subiri. Gari la miaka ya 1990 hutulia ndani ya dakika chache, lakini lenye kompyuta nyingi linaweza kuhitaji nusu saa au zaidi. Fundi asiyesubiri huona ampea mbili katika dakika ya kwanza na kuanza kukata nyaya.

Mita ikionyesha uvujaji, usichomoe fyuzi mojamoja kutafuta unakotokea. Kuchomoa na kurudisha huamsha kompyuta zilizolala, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyokuwa imenasa inaweza kuachia, hitilafu ikapotea mikononi mwako. Pima milivolti juu ya fyuzi, kwenye vile vijichuma viwili vilivyo wazi mgongoni mwake: sifuri maana yake hakuna umeme unaopita, na kwenye fyuzi ndogo ya ampea 10, milivolti 0.8 ni takribani miliampea 100. Mita isiyosoma sehemu ya kumi ya milivolti haifai kwa kazi hii.

Mara nyingi mkosaji ni redio iliyofungwa baadaye, waya mwekundu ukiwa umeunganishwa pamoja na wa njano ili iimbe bila funguo, au alamu ya bei rahisi. Fyuzi zote zikisoma sifuri na mita bado inaonyesha umeme, tazama altaneta, yaani jenereta inayochaji betri, ambayo waya wake mnene hauzipitii fyuzi hizo ndogo. Diodi zilizo ndani yake huruhusu umeme upite upande mmoja tu, na iliyo mbovu huvuja zaidi ikiwa na joto, kwa hiyo endesha gari kwanza, kisha pima injini ikiwa bado ya moto. Hata hivyo, kuna uvujaji unaokuja na kuondoka, na gari linaweza kukaa kwangu siku nzima likisoma vizuri. Hapo humwambia mwenye gari waziwazi kwamba sijaupata, badala ya kumuuzia kifaa kwa kubahatisha.

Uvujaji ukishazibwa, ichaji betri kwa chaja hadi ijae, iache ipumzike usiku kucha, kisha ipime. Ikishindwa kubaki karibu na volti 12.6, au ikianguka mno stata inapozunguka, basi kuishiwa chaji mara kwa mara kumeshaiharibu, na wakati huo ndipo mteja anunue nyingine.