Kuliwasha gari dakika tano si kulitunza

Gari likikaa nyumbani, wengi huliwasha dakika tano kila Jumamosi, wakazima, wakiamini wamelitunza. Kumbe wanalidhuru. Petroli ikiungua huzaa maji: lita moja hutoa karibu lita nzima. Mengi hutoka kupitia ekzosi, lakini injini ikiwa baridi, mvuke unaopenya kwenye ringi za pistoni hugeuka matone ndani ya oili. Fungua mfuniko wa oili uone: utando mweupe, mzito kama maziwa ya mgando. (Utando kama huo huweza pia kuletwa na maji ya rejeta yanayovuja kuingia kwenye oili, ila usikimbilie kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini; angalia kwanza kama maji hayo yanapungua.) Liendeshe barabarani nusu saa hivi, unyevu utoke. Usiuamini mshale wa temperecha, maana hupima joto la maji ya rejeta, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji hayo.