Umeme wa usiku wa manane: nani hasa ananunua kwa nusu bei Kenya?

Jioni, kuanzia kama saa moja hadi saa nne, ndipo gridi ya Kenya hubeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote wa siku. Watu wamerudi nyumbani, taa zinawaka, runinga inaongea, pasi iko moto. Halafu mtu anaingia kuoga. Shawa ya umeme ya wati 5,400 hula sawa na balbu 600 za wati 9, na huwa haiwashwi nyumba moja tu. Jua limeshazama, hivyo paneli hazisaidii. Hapo mitambo ya mafuta, kama ile ya Kipevu kule Mombasa, huitwa kazini, na gharama ya mafuta hayo huingia kwenye bili ya kila mteja, hata aliyelala mapema.

Ikifika usiku wa manane, hali ni nyingine kabisa. Matumizi yameshuka, lakini mvuke wa moto unaotoka ardhini kule Olkaria na kuzalisha umeme (jotoardhi) haulali. Kisima cha jotoardhi hakifungwi na kufunguliwa kila siku kama bomba la jikoni. Kukipoza na kukipasha moto mara kwa mara huharibu mabomba yake ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mvuke unaozidi huachiwa hewani. Upepo wa Turkana, unaozungusha mitambo ya umeme, nao huvuma kwa nguvu usiku. Ni nishati tuliyokwisha kuigharamia, ila haina mnunuzi.

Ndiyo maana Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa viliwekewa bei ya nusu kwa umeme wanaotumia zaidi ya kiwango chao cha kawaida kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, na Jumapili kutwa. Nusu hiyo ni ya bei ya yuniti, si ya bili nzima. Kodi na tozo nyingine zipo palepale.

Mwaka 2023 vyombo vya usafiri vya umeme navyo vikapata bei yao: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, 8 saa za usiku. Kwa mwenye bodaboda ya umeme hiyo si tofauti ndogo. Lakini lazima mita iwe imesajiliwa kwa bei hiyo. Ukichaji kwa tokeni za kawaida za nyumbani, saa nane usiku utalipa sawa na saa mbili.