Kompyuta Tembezi: Maana Yake, Kazi Zake na Mahali Inapokwama

Agosti 23, 2022 Tanzania ilianza kuhesabu watu wake bila kutegemea dodoso la karatasi. Karani aliyebisha hodi alikuwa na kishikwambi. Aliuliza swali, akagusa jibu kwenye kioo, na programu ikamletea swali linalofuata. Majibu yalihifadhiwa ndani ya kifaa, kisha yakatumwa. Oktoba 31 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Dodoma kwamba nchi ina watu 61,741,120. Kenya nayo ilikuwa imetumia vishikwambi katika sensa ya Agosti 2019, ikapata watu 47,564,296.

Nimeanza na sensa kwa sababu ndani yake mna kila kitu kinachofanya kompyuta iitwe tembezi: kifaa kinachobebeka, mtu anayehama, mtandao unaopatikana hapa na kukosekana kule, na taarifa isiyotakiwa kupotea njiani. Kwa hiyo maana yake tunaweza kuiweka hivi: kompyuta tembezi ni utaratibu wa kuchakata, kuhifadhi na kupeleka taarifa wakati mtumiaji yuko popote au yuko mwendoni, bila kufungwa na waya wala meza. Unahitaji vitu vitatu. Kwanza kifaa: simu, kishikwambi, kompyuta mpakato, saa janja, hata mashine ya kukatia tiketi ya kondakta. Pili mtandao usio na waya. Tatu programu iliyoandikwa na mtu anayejua kwamba umeme utaisha na mtandao utakatika.

Hiki cha tatu ndicho husahaulika, na kwa maoni yangu ndicho kiini cha jambo lote. Kompyuta mpakato iliyochomekwa ukutani na kuunganishwa na waya wa mtandao inabebeka, lakini kwa saa hiyo inafanya kazi sawasawa na kompyuta yoyote ya mezani. Ugumu huanza pale mtu anaposimama na kuondoka nayo.

Tumefikaje hapa

Mwaka 1981 ilitoka kompyuta iitwayo Osborne 1, miongoni mwa za kwanza kuuzwa kwa wingi kama kompyuta za kubeba. Ilikuwa na mpini, kioo cha inchi 5 na uzito wa kilo 11 hivi, na ukifika uendako ilibidi kwanza utafute soketi. Upande wa simu, Aprili 3, 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York na kupiga simu ya kwanza ya mkononi. Aliyempigia ni Joel Engel wa Bell Labs, mshindani wake. Simu ile ilizidi kilo moja na kazi yake ilikuwa kuongea tu.

Njia hizo mbili zilikutana polepole. IBM Simon ya mwaka 1994 ilikuwa simu yenye kioo cha kugusa, kalenda na barua pepe. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na 2008 simu ya kwanza ya Android. Lakini vitu viwili visivyoonekana kwa nje ndivyo vilivyofungua mlango. Kimoja ni betri ya lithiamu-ioni, ile inayochajiwa tena na tena, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991. Kingine ni kichakataji, yaani kijisehemu kinachofanya hesabu zote za kompyuta, kisichokula umeme mwingi. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na Sophie Wilson na Steve Furber, walijaribu kichakataji chao cha kwanza cha ARM. Kipimo cha umeme kilisoma sifuri ilhali kichakataji kinafanya kazi. Kumbe njia yake ya umeme haikuwa imeunganishwa kabisa; kilikuwa kikiendeshwa na umeme kidogo uliokuwa ukipenya kupitia njia nyingine za saketi. Leo karibu kila simu janja duniani hutumia kichakataji cha ukoo huo.

Simu inajuaje ulipo

Mtandao wa simu hugawa nchi katika maeneo madogo yaitwayo seli, na kila seli huhudumiwa na mnara. Simu ikiwashwa hujitambulisha kwa mnara wa karibu, na kampuni huandika kwenye daftari lake la kielektroniki kwamba laini fulani iko eneo fulani. Ukihama eneo, daftari linabadilishwa. Ndiyo maana mtu wa Mwanza anakupata ukiwa Mtwara bila kujua uko wapi: namba haijabadilika, kilichobadilika ni maandishi ndani ya daftari.

Ukiwa unaongea kwenye basi la Dar es Salaam kwenda Dodoma, kazi ni kubwa zaidi. Simu hupima tena na tena nguvu ya minara ya jirani na kupeleka vipimo hivyo kwenye mtandao. Mnara wa mbele ukishakuwa na nguvu kuliko ulioachwa nyuma, mazungumzo yako huhamishiwa huko kwa muda mfupi mno kiasi kwamba hushtuki. Pale ambapo mnara wa mbele haupo, au umejaa watu, simu hukatika.

Umbali nao una mpaka wake. Katika mfumo wa GSM, ambao ndio wa kizazi cha pili (2G), mnara wa kawaida hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama unauona ng’ambo ya ziwa. Kila simu hupewa nafasi yake ya kuzungumza na mnara, nafasi fupi sana ya muda, na sauti inayotoka mbali kupita hapo huchelewa ikaingia katika nafasi ya mwingine.

Kitochi nacho kimo

Wengi hudhani habari hii inamhusu mwenye simu janja pekee. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayepiga *150*00# kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, ili atume pesa anatumia kompyuta tembezi, tena iliyobuniwa kwa akili nyingi. Simu yake haifanyi hesabu yoyote. Inafungua dirisha la maandishi, hupokea menyu, hupeleka namba uliyobonyeza, na hesabu nzima hufanyika kwenye kompyuta za kampuni. Ujumbe mmoja wa aina hiyo haubebi zaidi ya herufi 182, na mazungumzo yakikaa kimya hufungwa. Ndani ya nafasi finyu kiasi hicho mamilioni ya watu wanalipa umeme, ada, mbolea na nauli. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania 2008, na ilianzia kwenye simu ndogo kama hizo.

Muamala wa pesa unaonyesha vizuri fikra ya kompyuta tembezi. Tuseme mama anamtumia mwanawe shilingi 20,000, na mtandao unakatika mara tu baada ya kuweka namba ya siri. Pesa zimekwenda au hazijakwenda? Mfumo uliojengwa vyema huandika kutoa kwa mama na kuweka kwa mtoto kama tendo moja. Ama yote mawili yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Hakuna hali ya pesa kutoka huku zisifike kule zikabaki hewani. Lakini mama haoni hayo; anaona kioo kimerudi kwenye saa. Kwa hiyo kabla ya kurudia muamala, atazame salio au asubiri ujumbe wenye namba ya kumbukumbu. Wengi waliotuma mara mbili walituma kwa sababu ya haraka hiyo.

Mfano wa afya unanigusa zaidi. Mwaka 2009 na 2010 wilaya tatu za Tanzania, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, zilijaribu mpango wa SMS for Life. Kila wiki mhudumu wa zahanati au kituo cha afya alipokea ujumbe kwenye simu yake ukimtaka ataje akiba ya dawa za malaria, naye akajibu kwa ujumbe mfupi. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Vituo vilikuwa 129. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 ilikuwa asilimia 26. Kilichotumika ni simu ya kawaida na ujumbe mfupi, lakini ofisi ya wilaya iliweza kujua kituo gani kina akiba na kipi kimeishiwa, ikahamisha dawa kabla mgonjwa hajarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Matumizi mengine msomaji anayakutana nayo kila siku: ramani kwa dereva wa bodaboda, oda za mfanyabiashara kupitia WhatsApp, mwanafunzi anayesoma kwenye simu ya mzazi, fundi anayetuma picha ya kifaa kilichoharibika ili aulize bei Kariakoo. Sitayapanga yote hapa.

Inapokwama

Adui wa kwanza ni umeme. Kioo na redio ya simu, yaani sehemu inayowasiliana na mnara, ndivyo vinavyokula chaji sana, na redio hula zaidi pale mtandao unaposumbua, kwa kuwa simu hulazimika kurusha mawimbi kwa nguvu kubwa ili iufikie mnara wa mbali na kuendelea kuutafuta unapopotea. Matokeo yake ni machungu: aliye kijijini mbali na mnara, ambaye pengine hulipia kuchajisha simu dukani, ndiye betri yake huisha upesi kuliko ya mtu wa mjini aliyezungukwa na minara. Ukiwa sehemu isiyo na mtandao kabisa, weka simu katika hali ya ndege; utaona tofauti.

Mtandao wenyewe ni adui wa pili. Hata mnara ukiwa jirani, intaneti yetu kubwa hutegemea nyaya za chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi 2010. Mei 12, 2024 nyaya hizo mbili zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Simu zilikuwa nzima na minara ilisimama, ila njia ya kutokea ilikuwa imeziba.

Dawa yake ni kuandika programu kwa kudhani mtandao haupo. Mfikirie mhudumu wa afya anayechanja watoto. Programu nzuri huweka kumbukumbu ndani ya kishikwambi kwanza, kisha huzituma mtandao ukipatikana, bila kumfungia mlango akiwa mlimani. Hapo huzuka tatizo gumu kidogo. Wahudumu wawili, kila mmoja akiwa nje ya mtandao, wanaweza kubadilisha kadi ya mtoto yuleyule: mmoja kaandika chanjo, mwingine karekebisha tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta kuu ikipokea zote mbili imwamini nani? Programu ya ovyo humwamini aliyetuma mwisho na kufuta ya mwenzake, na chanjo ya mtoto hupotea kimyakimya. Iliyo makini huunganisha mabadiliko yasiyogongana na kumwita binadamu aamue yanayogongana. Ningependa kila ofisi inayonunua mfumo wa vishikwambi iulize swali hili kabla ya kusaini mkataba.

Kuna gharama ambayo hatuioni mkononi. Betri nyingi za vifaa hivi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Kolwezi na maeneo yanayoizunguka, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini. Wapo wanaochimba kwa mikono kwenye mashimo yanayoporomoka, na watoto wamo. Anayeieleza teknolojia hii akaacha kuwataja watu hao ameieleza nusu.

Usalama

Kompyuta ya mezani haisahauliki kwenye daladala. Simu husahaulika, na siku hizi ndani yake mna pesa, picha, vyeti na mazungumzo ya familia. Wezi nao wamegundua kwamba laini ina thamani kuliko kifaa. Mtu akifanikiwa kusajili upya namba yako kwenye kadi yake, ujumbe wa siri wa benki utamfikia yeye. Tanzania ilitaka laini zisajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mwisho wa zoezi hilo ulikuwa Januari 20, 2020. Ukipiga *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usajili haujaziba kila tundu. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” bado unaingia kwenye simu za wazazi wetu, na kinga yake ni kumpigia ndugu yako usikie sauti yake kabla ya kutuma chochote.

Faragha ina sheria sasa. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Bado kazi ya kukataa ruhusa zisizo na sababu ni yako. Programu ya tochi haina haja ya kujua ulipo wala kusoma majina ya watu uliowahifadhi.

Simu ikiibwa, anza na laini. Omba simu ya mtu, piga huduma kwa wateja, funga laini pamoja na akaunti ya pesa. Kisha badilisha nywila ya barua pepe, kwa kuwa kupitia barua pepe mwizi anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote. Baada ya hapo nenda polisi. Watakuuliza namba ya IMEI, yaani namba ya kukitambulisha kifaa chenyewe, ambayo huonekana ukipiga *#06#, kwa hiyo ipige leo na uiandike kwenye karatasi inayobaki nyumbani.