Kuhamishia mifumo ya chuo kwenye wingu: dhana potofu zinazosikika Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Seva za chuo, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo yake, zikishafikisha miaka mitano au sita, dhamana ya mtengenezaji ikaisha na diski zikaanza kufa moja baada ya nyingine, menejimenti hulazimika kuamua. Ama inunuliwe mitambo mipya iwekwe katika chumba kilekile, ama mifumo ya usajili, matokeo, ada, maktaba na masomo ya mtandaoni ihamishiwe kwenye wingu, yaani ikodishiwe nafasi katika kompyuta za mtoa huduma na kufikiwa kwa intaneti. Kwa vyuo vya kusini uamuzi huu una mambo yake, na katika mjadala wake wanaolitaka wingu na wanaoliogopa husikika wakisema mambo yasiyo ya kweli kwa kiasi kinacholingana.

"Data ikiwa kwenye wingu haiko mahali popote."

Iko mahali, tena panapojulikana kwa jina. Wingu ni majengo yenye seva, umeme, viyoyozi na walinzi, kama chumba cha seva cha chuo ila kwa ukubwa usiolingana nacho. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Majengo hayo nayo huungua: Machi 2021 moto uliteketeza kituo kimoja cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja.

Mahali pana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na jalada la mwanafunzi lenye namba ya NIDA, maelezo ya afya na deni la ada limejaa taarifa za namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa huduma ni data zitalala nchi gani, na la pili ni nakala zake zitalala nchi gani. Jibu si lazima liwe ng'ambo, kwani Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam.

"Tukishahama, usalama na nakala rudufu ni kazi ya mtoa huduma."

Katika dhana zote, hii ndiyo ninayoiona ya hatari zaidi, kwa sababu wanaoiamini hulala usingizi. Mkulima wa Tandahimba anayepeleka korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani anajua kwamba ghala litazilinda na wizi na mvua, lakini akizipeleka hazijakauka wala kuchambuliwa, ghala halitazigeuza kuwa daraja la kwanza. Mtoa huduma wa wingu hulinda jengo, umeme, mitambo na mtandao wake. Nani ana ruhusa ya kubadili alama, akaunti ya mhadhiri aliyehama imefungwa au bado, programu imewekewa masasisho lini, nakala rudufu huchukuliwa mara ngapi na huwekwa wapi: hayo hubaki mikononi mwa chuo isipokuwa pale mkataba unaposema vinginevyo kwa maandishi. Neno la siri la msimamizi lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi lilikuwa hatari tangu zamani. Baada ya kuhama ni hatari zaidi, kwa kuwa mlango linaoufungua unafikika kutoka popote duniani.

Na mtoa huduma mwenyewe hukosea. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper ulifutiwa mazingira yake ya wingu kutokana na kosa la upangaji upande wa Google Cloud, na wanachama wake, zaidi ya nusu milioni, wakakaa takriban wiki moja bila kuziona akaunti zao. Miongoni mwa vilivyousaidia mfuko huo kurudi ni nakala ulizokuwa umeweka kwa mtoa huduma mwingine. Chuo kinachoweka mfumo na nakala zake zote chini ya akaunti moja hakijajiwekea akiba yoyote.

"Intaneti ya kusini haiaminiki, basi mifumo ibaki chumbani kwetu."

Hapa kuna ukweli nusu. Mchukulie mwanafunzi aliye likizo Nachingwea, matokeo yametangazwa, naye ana simu na bando. Mfumo ukiwa kwenye seva iliyoko chuoni Mtwara, ombi lake ni lazima lifike chuoni. Umeme wa chuo ukiwa umekatika na jenereta halina mafuta, au faiba inayoingia chuoni ikiwa imekatwa na wachimba mtaro, hataona kitu ingawa mtandao wa simu yake uko vizuri. Mfumo ukiwa kwenye wingu, yeye atayaona matokeo, na atakayekwama ni mhadhiri aliye ofisini akihangaika kuingiza alama. Kwa chuo ambacho wanafunzi wake wengi huingia mfumoni kwa simu, tena wakiwa nje ya kampasi, badiliko hilo la nani anakwama lina faida kubwa, maana mhadhiri ni rahisi kumtafutia njia ya dharura, hata kama ni modemu ya simu, kuliko kuwatafutia wanafunzi walioenea wilaya zote.

Njia ya dharura ya chuo kizima ni laini ya pili, na hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu kampuni mbili zinazopitisha huduma kwenye faiba ileile na mtaro uleule zinakuuzia laini moja kwa bei mbili. Kabla ya kusaini, muulize muuzaji nyaya zake zinapita wapi hadi Dar es Salaam, na asikujibu kwa mdomo tu.

Mei 2024 ilizipima hoja zote mbili, ya kubaki chumbani na ya kuhamia kwenye wingu, ndani ya mwezi mmoja. Kimbunga Hidaya kilipopita pwani mwanzoni mwa mwezi, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na safari zikasimama. Chuo ambacho seva yake ingekufa siku hizo kingekaa kikisubiri kipuri kilichokwama njiani. Kisha tarehe 12 Mei mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM, inayoiunganisha nchi na intaneti ya dunia, ikakatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Safari hii waliokuwa hatarini ni wenye mifumo nje ya nchi. Mfumo uliowekwa Dar es Salaam hauhitaji mkongo wa baharini ili kumfikia mtu aliye Masasi. Ndiyo maana nadhani kwa vyuo vyetu mahali pa wingu pana uzito zaidi kuliko jina la kampuni inayoliuza.

Kuhusu kasi, wasiwasi hutiwa chumvi. Data husafiri kilomita 1,000 za faiba kwa takriban milisekunde 5, kwa hiyo anayejaza fomu ya usajili hataona tofauti kubwa kati ya seva ya Dar es Salaam na ya Johannesburg, mradi laini yenyewe haijajaa.

"Wingu ni nafuu kuliko kununua seva."

Wakati mwingine ni kweli. Ulinganisho huharibika pale chuo kinapoweka upande mmoja bei ya seva peke yake, kikasahau kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, dizeli, betri za kubadilisha na hewa ya chumvi inayokula mashine za nje za viyoyozi mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu chake. Upande wa pili nao husahaulika mengi. Seva hununuliwa mara moja kwa fungu la maendeleo, ilhali wingu huleta ankara kila mwezi kwenye matumizi ya kawaida, na ankara hiyo haisubiri ada zilizochelewa. Mara nyingi huja kwa dola. Chuo kilichokuwa kikilipa dola 2,000 kwa mwezi kilihitaji kama shilingi milioni 4.6 mwanzoni mwa 2023, dola ilipokuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 dola ilipopita shilingi 2,600, ankara ileile ilivuka milioni 5.2 bila mwanafunzi hata mmoja kuongezeka.

Vya bure navyo hubadilika. Google ilivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi mafaili, kisha Februari 2021 ikatangaza kuiondoa, na kuanzia Julai 2022 taasisi nzima ikawa inagawana terabaiti 100 za msingi (terabaiti moja ni gigabaiti 1,000). Faida halisi ya wingu kifedha iko kwenye kupanda na kushuka: wiki ya usajili chuo kinakodi nguvu mara kadhaa ya kawaida, kisha kinaipunguza. Chuo kisichokuwa na mtu wa kuzima mashine za majaribio zilizosahaulika hakitaiona faida hiyo.

"Data tunazozishika wenyewe ndizo salama."

Mwezi Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za data za watafiti kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta zake kuu, baada ya programu ya kuchukua nakala rudufu, iliyoandaliwa na kampuni iliyosambaza mitambo, kufuta mafaili badala ya kuyalinda. Mitambo ilikuwa chuoni, si kwenye wingu.

"Maafisa TEHAMA watakosa kazi."

Kazi ya kubeba seva na kubadilisha diski hupungua. Ile ya kusimamia ruhusa, ankara, mikataba na mtandao wa kampasi huongezeka, nayo inadai mafunzo ambayo lazima yaingie kwenye bajeti kabla ya siku ya kuhama.

"Kuhama ni kunakili mafaili tu, wikendi moja inatosha."

Fanya hesabu kwanza. Terabaiti 10 za video za mihadhara na nyaraka, zikipita kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde isiyotumiwa na mtu mwingine yeyote, huchukua zaidi ya siku 18, usiku na mchana. Mara nyingi kusafirisha kwa gari diski zilizofungwa kwa usimbaji (data zake hazisomeki bila ufunguo) huwa haraka zaidi. Mafaili yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Mfumo wa matokeo husoma mfumo wa ada ili kumzuia mwenye deni, nao wa ada huzungumza na benki kwa namba za kumbukumbu ya malipo, na ukihamisha mmoja bila mwenzake, wanafunzi waliolipa wataonekana wadaiwa siku ya mtihani.

Kwa hiyo ni busara kuanza na barua pepe, kufuata na mfumo wa masomo kama Moodle, na kuacha matokeo na fedha kwa likizo ndefu, mifumo ya zamani na mipya ikienda sambamba kwa muhula mzima. Kabla ya kuzima ya zamani, chukua nakala rudufu ya upande mpya na uirudishe kwenye mashine tupu, mhasibu na ofisi ya mitihani wakiangalia kama takwimu zinalingana. Seva zilizostaafu zisipelekwe kwenye mnada mpaka diski zake zifutwe kwa programu inayofuta kweli au zipondwe, kwa sababu majina, picha na alama za waliohitimu miaka yote ya nyuma bado zimo humo.