"Pine": maneno mawili ndani ya tahajia moja

Katika rasimu moja niliyohariri juzi, neno la Kiingereza "pine", ambalo ni jina la mti na pia kitenzi cha kudhoofu kwa huzuni au hamu, lilitokea mara mbili, na mara zote mbili lilimponyoka mfasiri. Kwanza, mama aliyepotelewa na mwanawe aliacha kula, akakonda, akawa mtu wa kukaa dirishani kutwa nzima. Kwa Kiswahili tukaambiwa tu kwamba "alimkumbuka mwanawe". Kurasa chache mbele, ufuo wa bahari ukajaa misonobari. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi, na bado neno hili hunilazimisha kuweka kalamu chini.

Jambo la kwanza ambalo kamusi nyingi hazilisemi wazi ni kwamba haya ni maneno mawili yasiyo na undugu. Jina la mti linatokana na Kilatini *pinus*. Kitenzi kinatokana na *poena*, yaani adhabu, neno la Kilatini lililowazalia Waingereza pia neno lao la maumivu. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilimaanisha kumtesa mtu. Baadaye mateso yakahamia ndani ya anayeteseka mwenyewe: akawa ndiye anayeisha polepole kwa huzuni au kwa hamu ya kitu asichoweza kukipata.

Ndiyo maana "alimkumbuka" haitoshi. Kukumbuka hakumkondeshi mtu. Kitenzi hiki kina mwili ndani yake: hamu ya kula inakatika, nguvu zinapungua, uso unasawijika. Kiswahili hakina upungufu hapa, na linaniuma ninapoona mfasiri akichukua neno jepesi ilhali ghala limejaa. Tuna *kusononeka*, huzuni inayotafuna moyo kimyakimya. Tuna *kunyong'onyea*, pale nguvu zinapomwisha mtu hata mabega yakaanguka. Tuna *jitimai* na *simanzi*. Na tuna *kihoro*, huzuni nzito ya kufiwa au kupotelewa, ambayo husemwa kuwa mtu anaweza hata kufa nayo. Kila moja lina uzito wake, na kuchagua kunategemea ni nini kinachotangulia: hamu au kudhoofu.

Chukua mfano wa Hachikō, mbwa wa Tokyo aliyeendelea kwenda stesheni ya Shibuya kumngoja bwana wake aliyefariki mwaka 1925, hadi mbwa mwenyewe alipokufa mwaka 1935. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kutumia kitenzi hicho hicho kwake. Lakini Hachikō hakujilaza akaisha, alikwenda na kurudi. Hapo ningesema alikuwa na hamu isiyozimika ya bwana wake, wala nisingegusa kunyong'onyea.

Upande wa mti, Kiswahili kina majina zaidi ya moja. *Msonobari* limetoka katika Kiarabu, *sanawbar*. *Mpaini* limechukuliwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, na kwenye mbao ndilo linalosikika zaidi: watu husema mbao za paini. *Msindano* ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa sababu aliyelibuni aliutazama mti wenyewe. Majani ya msonobari kweli ni sindano, na katika spishi nyingi huchipua kwa vicha vya mbili, tatu au tano. Mtaalamu wa misitu huzihesabu ili kujua ni msonobari wa aina gani. (Sauti za *msonobari* na *kusononeka* zimefanana kwa bahati tu, lakini nimezoea kuzitumia kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba sauti si ushahidi wa undugu.)

Misonobari ya kweli ni spishi zaidi ya 100, na kwa asili karibu zote ni za kaskazini mwa Ikweta. Hazitoi maua wala matunda, mbegu zake hukaa wazi juu ya magamba ya koni, kile kibeba mbegu kigumu cha msonobari. Utomvu wake hutoa tapentaini ya kuyeyushia rangi, na masalia yake magumu ndiyo wapiga fidla wanayopaka kwenye upinde ili ushike nyuzi.

Mtego mkubwa uko kwenye miti inayoitwa "pine" bila kuwa misonobari. "Australian pine" ni mvinje wetu wa ufuoni. Ukitazama kwa mbali utadhani una sindano, lakini ukishika kijiti kimoja utaona pingili, na kila pingili imezungukwa na vijani vidogo mno. Mvinje hutoa maua, kwa hiyo hata ukoo wake uko mbali na wa misonobari. "Screw pine" nayo ni mkadi, ule wenye mizizi ya kujishikiza. Mfasiri akiandika "msonobari wa skrubu", atakuwa ameuficha mti ambao msomaji anaujua tangu utotoni.

Nanasi pia limeingia humu. Zamani, kwa Kiingereza "pineapple" lilikuwa jina la koni ya msonobari. Wazungu walipoliona tunda la Amerika lenye magamba kama koni, wakalipa jina hilo, na koni ikatafutiwa jina jingine. Sisi tulipokea *nanasi*, ambalo asili yake ni lugha za Kitupi-Guarani za Amerika Kusini kwenyewe. Hata tezi ya pineali, iliyo ndani ya ubongo na inayotoa homoni ya melatonini, ilipewa jina kwa sababu ya umbo la koni.

Katika ile rasimu, ufuo nimeurudishia mivinje yake. Sentensi ya mama ilinichukua asubuhi nzima. Nilijaribu kusononeka, nikaona kunabaki moyoni tu wakati mwili wake ulikuwa unapukutika mbele ya macho ya majirani. Mwishowe nikaandika: "Kihoro cha mwanawe kilikuwa kinammaliza."