Umeme ukikatika, samaki wa tangini hawafi papo hapo

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo huamini kwamba viputo vya pampu ndiyo hewa yenyewe wanayovuta samaki, hivyo umeme ukikatika tu, wataanza kufa. Ni rahisi kuamini hivyo, maana viputo vinaonekana kwa macho.

Lakini oksijeni nyingi huingia majini kupitia uso wa maji. Kazi kubwa ya viputo ni kuutibua uso huo. Pampu ikizima, hewa huendelea kuingia, ila polepole. Tangi lenye samaki wachache linaweza kuhimili saa kadhaa. Lililojazana lina muda mfupi zaidi, hasa kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi.

Ukitaka kuhakikisha, zima pampu mchana ukiwa nyumbani, uwatazame. Wakipanda juu na kuachama midomo usoni pa maji, oksijeni imepungua, iwashe. (Samaki aina ya beta na gurami wasikubabaishe, wao huvuta hewa ya juu kwa kawaida.)

Umeme ukikatika kweli, funua tangi, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena. Usiwalishe: chakula kinachooza hula oksijeni. Filta iliyozima kwa saa nyingi isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha.