Tezi dume na korodani zikivimba: kabla hujauza kiwanja kwenda India

Bahasha ilikuwa ya kaki, imechakaa pembeni kwa kufunguliwa na kufungwa. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, umri miaka 34. Aliimwaga mezani: risiti za maduka ya dawa muhimu, picha tatu za ultrasaundi, na barua ya mwaliko ya hospitali moja ya India kwa ajili ya viza ya matibabu. Kiwanja cha kuuza alishakipatia mteja. Nilizipekua karatasi zile mara mbili. Jibu la mkojo uliooteshwa, yaani uliowekwa maabara mpaka bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, halikuwamo hata moja.

Maswali aliyoniuliza siku ile ndiyo ninayoulizwa na wanaume wengi hapa Dodoma. Nimeyaweka pamoja na machache ya wenzake.

Dokta, nimeambiwa nina tezi dume. Si ugonjwa wa wazee huo?

Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo, kila mwanamume kazaliwa nacho. Kimekaa chini ya kibofu, njia ya mkojo inapita katikati yake, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kinaweza kupatwa na mambo matatu tofauti: kutanuka kwa sababu ya umri, na huko ndiko kwa wazee, saratani, na mchochota, yaani kuvimba na kuuma, kwa vimelea au bila vimelea. Huu wa tatu unawakuta hata vijana. Mtu akikwambia "una tezi dume" akanyamaza hapo, bado hajakwambia kitu.

Wataalamu wa Marekani waliugawa mchochota huo makundi manne miaka ya 1990, na mgawanyo huo ndio unaotumika Chennai, Berlin na hapa kwetu. La kwanza huja ghafla: homa kali, kutetemeka, maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, mkojo kuchoma au kugoma kabisa. La pili ni bakteria sugu wanaojificha ndani ya tezi, wanatulia, wanarudi. La tatu ni maumivu ya nyonga yanayozidi miezi mitatu na vimelea havionekani. Hili ndilo kubwa kuliko yote, karibu wagonjwa 9 kati ya 10. La nne halina dalili, hugunduliwa kwa bahati mtu akipimwa jambo jingine.

Nyumbani wanasema ni ngiri. Wengine wanasema chango la kiume.

Ngiri ni utumbo kupenya kwenye uwazi wa misuli ya tumbo. Uvimbe hutokeza ukikohoa, na tiba yake ni upasuaji. Busha ni maji yaliyojaa kuizunguka korodani, na mara nyingi haliumi. Chango ni neno linalobeba kila maumivu ya chini ya kitovu, na unga wake nao huuzwa kwa kila maumivu hayo.

Huko nje wanapima nini ambacho hapa hakipo?

Kipimo cha kwanza ni kidole. Daktari anavaa glavu, anapaka mafuta ya kulainisha, anaingiza kidole njia ya haja kubwa na kuigusa tezi: ni laini au ngumu, inauma au haiumi. Sekunde chache tu. Nimeona wanaume wakifunga safari kukikimbia kidole hiki, na huko walikokwenda wakakikuta kinawasubiri.

Cha pili ni mkojo. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Meares na Stamey, walieleza namna ya kujua bakteria wanatoka wapi kwa kutumia vikombe vinne. Siku hizi vikombe viwili vinatosha kwa wagonjwa wengi. Unajisafisha, unaanza kukojoa chooni, kisha mkojo wa katikati unaukinga kwenye kikombe cha kwanza. Usiumalize wote. Daktari anaisugua tezi kwa kidole muda mfupi, halafu unakojoa kidogo kwenye kikombe cha pili. Vyote viwili vinakwenda maabara, vinaangaliwa kwa hadubini na kuoteshwa. Bakteria wakiwa wengi kikombe cha pili, na cha kwanza hawamo au ni wachache, basi wametoka kwenye tezi. Mwenye homa ya ghafla hasuguliwi, maana bakteria wanaweza kusukumwa kwenye damu. Huyo tunaotesha mkojo wake wa kawaida na damu, na dawa inaanza bila kusubiri jibu.

Sasa niambie, mashine iko wapi hapo? Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Kuotesha mkojo hakuhitaji ndege. Kunahitaji wewe usiwe umemeza dawa. Mkojo wa mtu aliyekwisha kumeza antibiotiki siku tatu unaweza usioteshe kitu, na maabara ya London itapata jibu lile lile.

Kuhusu PSA, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya tezi dume: nacho hupanda tezi ikiwa imevimba kwa maambukizi. Ukipimwa siku za homa unaweza kurudi nyumbani ukiamini una saratani. Kisubiri wiki sita hadi nane baada ya kupona.

Nimemeza sipro (siprofloksasini) mara nne. Inatulia, inarudi. Si bora niende wanakojua?

Hebu tuhesabu kwanza. Vidonge kumi vya dukani, kutwa mara mbili, ni siku tano. Tezi dume haipitishi dawa kirahisi; antibiotiki nyingi zinabaki kwenye damu na ndani ya tezi hazifiki vya kutosha. Ndiyo maana mchochota wa ghafla hutibiwa wiki mbili hadi nne, na ule sugu wa bakteria wiki nne hadi sita, kwa dawa iliyochaguliwa kutokana na kilichoota. Dozi za siku tano ulizomeza mara nne hazijumlishwi zikawa siku ishirini. Kila moja imewaachia bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Tena, ulimeza na nini? Hapa kwetu maziwa ni chakula cha kila siku, na maziwa hushika siprofloksasini tumboni isiingie vizuri mwilini. Dawa za kiungulia nazo hivyo hivyo. Ukiwa kwenye dawa hii kisigino kikaanza kuuma kwa nyuma, acha na urudi kwa daktari, kwa sababu inaweza kukata kano.

Lakini kuna uwezekano mwingine, na kwa yule wa Kibaigwa ndio nilioufikiria: kwamba yuko kundi la tatu. Huko hakuna bakteria wa kuua, hata ukipewa antibiotiki ya bei gani. Tunatumia dodoso la maswali tisa, lililotungwa Marekani mwaka 1999, kupima maumivu, mkojo na jinsi maisha yalivyovurugika, kisha tunatibu kinachomsumbua mtu huyo. Mkojo ukitoka kwa shida, kuna dawa za kulegeza shingo ya kibofu kama tamsulosini. Misuli ya nyonga ikiwa imekakamaa, mazoezi ya tiba kwa fiziotherapia, na hapa ni kujifunza kuilegeza, siyo kuibana. Beseni la maji ya uvuguvugu jioni huwasaidia wengi. Dereva wa bodaboda wa Nkuhungu anayekaa kwenye siti tangu alfajiri mpaka usiku nitamwambia ashuke kila akimshusha abiria, atembee kidogo. Najua anaona sijampa dawa.

Mimi mfugaji wa Bahi. Nina homa za jioni, jasho, viungo vinauma, na korodani moja imevimba. Malaria haionekani.

Ndugu, unakunywa maziwa mabichi? Ulimsaidia ng'ombe aliyetupa mimba hivi karibuni? Bakteria wa brusela, wale wanaotupisha mifugo mimba, huingia kwa binadamu kwa njia hizo, na kwa baadhi ya wanaume hushambulia korodani. Kipimo ni cha damu. Tiba hudumu wiki sita kwa dawa mbili pamoja. Wengi huacha wiki ya pili homa ikitoweka, na wiki ya kumi wako tena kwenye benchi letu.

Kifua kikuu nacho hushuka huko chini. Kikiingia kwenye epididimisi, kirija kilichojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomaa, uvimbe huja polepole, mgumu, wakati mwingine ngozi inatoboka na kutoa usaha. Mkojo unakuwa na chembe za usaha lakini kwenye kuotesha kwa kawaida hauoti kitu. Ukisikia majibu hayo mawili kwa pamoja, uliza kuhusu kifua kikuu. Na kama umewahi kuishi Kanda ya Ziwa ukiogelea, taja kichocho.

Hapa daktari wa Dodoma ana faida. Swali la maziwa mabichi litamtoka mdomoni mapema kuliko mwenzake wa mji usio na ng'ombe.

Mdogo wangu ana miaka 16, korodani imemuuma ghafla usiku na imepanda juu. Tusubiri asubuhi?

Hapana. Korodani inaweza kuwa imejisokota na kukata damu yake yenyewe. Ina muda wa kama saa sita tangu maumivu yaanze, baada ya hapo uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Mwamsheni mwenye gari, mwende hospitali yenye chumba cha upasuaji. Msimpe chochote cha kula njiani.

Mke wangu naye atibiwe?

Kwa wanaume walio chini ya miaka 35, epididimisi ikivimba mara nyingi ni kisonono au klamidia, kwa hiyo ndiyo, mwenzi atibiwe pamoja nawe na mjizuie mpaka wote mmalize. Kwa mtu mzima zaidi, bakteria huwa ni wale wa utumbo walioingia kupitia mkojo. Hao hawahitaji kikao cha familia.

Kwa hiyo nani anastahili kwenda nje?

Wachache. Mwenye jipu ndani ya tezi ambalo hapa limeshindikana kutolewa usaha. Mwenye maumivu ya miaka ambaye ameshapita kwa daktari wa mfumo wa mkojo Dodoma, kisha Muhimbili, na anataka tiba ya mawimbi ya mshtuko (mawimbi ya msukumo kutoka kwenye mashine, siyo umeme), ambayo tafiti zinaonyesha huwapunguzia baadhi ya wagonjwa wa kundi la tatu maumivu. Mwenye mirija ya mbegu iliyoziba akitafuta mtoto. Rufaa ya Serikali hutolewa kwa tiba isiyopatikana nchini, kwa hiyo wengi wenu mtakuwa mnatumia fedha zenu.

Wakala akikutajia bei ya "kifurushi cha tezi dume" kabla hajauliza majibu yako ya mkojo, mwache. Ukiahidiwa sindano ya kuchomwa moja kwa moja kwenye tezi, uliza ni kwa ajili ya kundi lipi kati ya yale manne.

Nimeshakata tiketi.

Basi beba jibu la kuotesha pamoja na orodha ya dawa zilizoonekana kuwaweza bakteria wako, majina ya dawa zote ulizomeza na siku ulizomeza, na CD za picha, maana karatasi ya maelezo peke yake haitoshi. Kwenye treni ya kwenda Dar na kwenye ndege, inuka mara kwa mara. Na ikiwa safari ni kesho, halafu usiku huu una homa, unatetemeka, mkojo hautoki, njoo uwekewe mpira wa mkojo na dripu. Ndege iende.